Maumivu ya jicho: niliyojifunza kwa kijiti cha mkorosho

Ifikapo Juni, mikorosho inapotoa machipukizi mapya na kuanza kuchanua, uwanda wa Makonde huamka na harufu ya salfa. Mashine za kupulizia huanza kunguruma kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa hizo upepo umetulia na umande ungali juu ya majani, hivyo ule unga wa manjano hushika vizuri na kuyakinga maua na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mtu atokaye shambani saa mbili asubuhi unamtambua kwa macho yake: mekundu, yanatiririka machozi, na mwenyewe akiyafikicha kwa mkono wa shati uliojaa salfa ile ile. Kwetu hali hiyo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Huhesabiwa kuwa msimu. Nimekulia katika mazoea hayo, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nichelewe nilipopatwa na jambo lililokuwa tofauti kabisa.

Nilikuwa nimekwenda Newala wakati wa likizo ya katikati ya mwaka kumsaidia mama kufyeka vichaka chini ya mikorosho. Kijiti kikavu nilichokuwa nimekisukuma kando kikanirudi kwa nguvu, kikanipiga jicho la kulia. Kwa dakika kumi hivi sikuweza kulifungua. Machozi yalibubujika na pua ikatiririka pamoja nayo. Mama alinimiminia maji ya kisima, maumivu yakapungua, na jioni nikabaki na hisia ya mchanga chini ya kope. Siku ya pili mama mdogo, ambaye nyumba yake inapakana na yetu, aliniletea kichupa cha dawa ya matone. “Tia hii, mwanangu,” alisema, “mimi ilinitoa katika shida mwaka jana.” Nilitia. Kesho yake wekundu ulikuwa umekwisha na maumivu yamebaki nusu, nami nikarudi Mtwara mjini kazini nikimsifu mama mdogo kwa kila aliyeniuliza.

Usiku wa siku ya sita niliamshwa na maumivu ambayo sijayapata tena maishani. Yalikuwa ndani ya jicho, yakapanda kwenye paji la uso, na mwanga wa taa ya simu ulinichoma kama ncha ya sindano. Asubuhi nilijitazama katika kioo, nikaona juu ya sehemu nyeusi ya jicho doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi. Nilipolifunika jicho la kushoto, tarehe za kalenda ya ukutani zilikuwa zimegeuka ukungu.

Katika kliniki ya macho, muuguzi alinitia tone la rangi ya njano, akanimulika kwa mwanga wa buluu, kisha akamwita daktari. Daktari alikwangua kidonda kidogo sana, akaweka alichokipata kwenye kigae cha hadubini, na kabla ya kuendelea akaomba kuona dawa niliyokuwa nikiitumia. Alisoma karatasi ya kichupa kwa muda, akaniuliza: “Mwalimu, dawa hii uliandikiwa wewe?” Nilimjibu kwamba ni ya mama mdogo. “Basi, Mwalimu, dawa ya macho hairithiwi.”

Kilichotokea nilielezwa hivi. Kijiti kilikuwa kimechubua konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika mboni, na kikapanda humo fangasi waishio kwenye mimea iliyokauka. Dawa ya mama mdogo ilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi hupunguza wekundu, uvimbe na maumivu kwa kuutuliza ulinzi wa mwili wenyewe, nayo ni dawa nzuri inapotolewa na mtu aliyekwisha kulichunguza jicho. Lakini kwenye kidonda chenye fangasi, au chenye virusi vya malengelenge, ni sawa na kuwafukuza askari usiku ambao wezi wamo ndani. Nafuu niliyoisifu ilikuwa nafuu ya fangasi. Nilipewa matone ya kuua fangasi, kila saa mchana na usiku kwa siku za mwanzo, na ilichukua majuma mengi hadi kidonda kufunga. Kovu lipo hadi leo. Nasoma kwa jicho la kushoto.

Nimeandika habari hii ndefu kwa sababu tangu wakati huo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Walimu wenzangu, wazazi wa wanafunzi na majirani wa mtaani hunijia na jicho linalouma kana kwamba kovu limenipa shahada. Si daktari, nami siwatibu. Hata hivyo, nimewauliza wenye ujuzi maswali mengi katika miadi yangu ya kliniki, na yapo mambo ambayo laiti ningeyajua siku ile shambani, ningepanda gari kesho yake badala ya kungoja siku sita.

La kwanza ni kwamba ukali wa maumivu haupimi ukubwa wa hatari. Katikati yake konea ina unene wa takribani nusu milimita tu, lakini ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye mishipa mingi zaidi ya kuhisi maumivu. Ndiyo maana punje ya mchanga humliza mtu mzima aliyewahi kuvunjika mguu bila kulia. Kwa upande mwingine, retina, yaani lile pazia la nyuma linalopokea picha, haina mishipa ya kuhisi maumivu hata kidogo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete katika sehemu za kusini mwa Tanzania, tuliwakataza wanafunzi wasilitazame kwa macho matupu, nao walitujibu kwamba haliumi. Walisema kweli: retina huungua kimya. Mtoto wa jicho naye huiba uwezo wa kuona bila kuuma, na aina ya presha ya macho iliyo ya kawaida zaidi kwetu huiba vivyo hivyo, kidogo kidogo kwa miaka, hata mtu akagundua akiwa amebakiwa na tundu dogo la kuonea.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba jicho linamuuma, simwulizi linamuuma kiasi gani. Humwuliza maumivu hayo yamekuja pamoja na nini. Je, akilifunika jicho lisilouma, lile linalouma linasoma maandishi yale yale ambayo lilikuwa likiyasoma juma lililopita? Je, mwanga unamuumiza, kiasi cha kukaa chumbani akiwa amefunga dirisha? Je, kuna kitu kilichomwingia au kumpiga, hata kama ni kijiti tu, na hata kama ni siku tano zilizopita? Je, anatapika, au kichwa kinamwuma upande wa jicho hilo? Je, kwenye sehemu nyeusi ya jicho kuna doa jeupe au ukungu? Jibu la hapana kwa swali la kusoma, au la ndiyo kwa lolote kati ya mengine, linatosha kumfanya aende kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Watu hudhani kwamba kuna kipimo cha uvumilivu ambacho ni lazima kijae kwanza.

Maumivu mengi ya jicho, tuseme ukweli, ni ya juujuu na hayamtishi mtu. Wengi wanakumbuka Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza kuongezeka kwa wagonjwa wa macho mekundu nchini, ugonjwa uliosababishwa na virusi. Macho huwa mekundu, huwasha na kuchoma, hutoa machozi mepesi, mara nyingi likianza moja na la pili likifuata baada ya siku moja au mbili, na kwa kawaida hupona lenyewe katika juma moja hadi mawili. Dawa za kuua bakteria haziui virusi; kinachosaidia ni maji safi, kitambaa baridi, kunawa mikono kwa sabuni na kila mtu kuwa na taulo lake. Ikiwa matongotongo ni mazito, ya manjano au ya kijani, na kope zinagandamana kila asubuhi, huenda ni bakteria, na mafuta ya tetrasaiklini ambayo huandikwa zahanati hufanya kazi yake vizuri. Ikiwa tatizo kuu ni muwasho, tena linarudi kila msimu wa vumbi na kumpata hasa mtoto mwenye pumu au mafua yasiyokwisha, basi huenda ni mzio. Chokea, kile kijipu kinachoota kwenye ukingo wa kope, kinauma kuliko hatari yake. Kikandwe kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku, na kisitumbuliwe kwa kucha.

Kuna pia maumivu ya uchovu, ambayo ni kama uzito nyuma ya macho ifikapo jioni. Anayetazama simu au kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Kuinua macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20 husaidia. Kwa mtu aliyevuka miaka 40 anayesogeza gazeti mbali hadi mkono uishe, tatizo ni umri tu, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Nawajua walimu waliokunywa dawa za kutuliza maumivu ya kichwa kwa mwaka mzima kwa sababu waliona haya kuvaa miwani.

Sasa nirudi kwenye salfa, kwa maana hapo ndipo watu wa kwetu tunapojidanganya. Unga wa salfa huwasha na kuchoma utando wa jicho, na kulifikicha jicho lenye unga huo ni kulisugua kwa msasa. Miwani ya kujikinga inayoziba pembeni ingezuia sehemu kubwa ya adha hiyo, lakini mpulizaji atakwambia kwamba hujaa mvuke na hawezi kuona mti. Malalamiko hayo ni ya kweli, nami sina jibu zuri isipokuwa kwamba kuifuta miwani kila baada ya miti kadhaa ni kazi nyepesi kuliko kuongozwa njia. Unga ukiingia, maji safi mengi ndiyo dawa, tena papo hapo shambani, na kwa sababu hiyo dumu la maji liwe karibu na dumu la petroli ya mashine. Wekundu wa salfa unapaswa kupungua kabla ya kesho yake. Usipopungua, au kuona kukipungua, acha kuuita salfa. Katika kipindi kile kile watu hupita katikati ya matawi na kufyeka, na macho yaliyokwaruzwa hujificha ndani ya kundi la macho yaliyowashwa, kama langu lilivyojificha.

Salfa ina nafuu ikilinganishwa na vitu vingine tunavyoshika kila siku. Chokaa na saruji huendelea kula ndani ya jicho muda mrefu baada ya kuingia, na kwa kawaida magadi ya namna hiyo ni mabaya kuliko tindikali, ingawa maji ya betri nayo si ya kuchezea. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo kila aliyewahi kubangua anayajua kwa ngozi iliyobabuka vidoleni, husafiri kwa urahisi kutoka kidoleni hadi jichoni. Katika hali hizi zote safari ya kwenda hospitali haianzi mpaka jicho limeoshwa: mtu alazwe au ainamishe kichwa upande wa jicho lililoathirika, kope zishikwe wazi kwa vidole hata akipiga kelele, na maji safi yamiminwe taratibu bila kukoma kwa dakika 15 angalau, na kwa chokaa au saruji nusu saa, huku mabonge yaliyonasa chini ya kope yakitolewa. Ndipo aondoke. Dakika za mwanzo huokoa zaidi ya yote yatakayofanywa baadaye. Kanuni hiyo hiyo ya maji mengi inamhusu aliyetemewa sumu na swila, nyoka ambaye wakulima wa kusini wanamfahamu; kama maji hayapo kabisa, maziwa yanaweza kutumika kuoshea, kisha mtu apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri.

Kinyume chake ni jicho lililotobolewa. Mtoto aliyechomwa na mwiba au waya, fundi aliyerukiwa na kipande cha chuma alipokuwa akipiga nyundo, mtu aliyepigwa ngumi na mboni yake ikapoteza umbo la duara: jicho la namna hii halioshwi, halikandwi, halibanwi kwa kitambaa, na kitu kilichochomeka hakichomolewi. Linafunikwa kwa kitako cha kikombe cha plastiki kinachoegemea mifupa inayolizunguka bila kuligusa lenyewe, mgonjwa hapewi chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na safari inaanza mara moja.

Mafundi wa kuchomelea vyuma nao wana maumivu yao, ambayo hunishangaza kwa jinsi yanavyochelewa. Anayetazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi hufanya kazi hadi jioni bila tatizo, kisha saa sita hadi kumi na mbili baadaye, mara nyingi katikati ya usiku, anaamka akihisi macho yote mawili yamejaa vioo vilivyopondwa. Ni ngozi ya juu ya konea iliyoungua, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Hatari iko katika yale matone ya ganzi ambayo mafundi wengine huyatafuta ili walale: ganzi inafaa kutumiwa na mganga wakati wa kupima, lakini ikitumiwa nyumbani mara kwa mara huizuia konea kupona na inaweza kuiharibu kabisa. Vipande vidogo vya chuma vya mashine ya kusagia navyo visitolewe mtaani kwa ncha ya kiberiti wala kwa ulimi wa rafiki, jambo ambalo nimelishuhudia kwa macho yangu mawili, wakati yalipokuwa mawili.

Kuhusu majani na maji ya miti yanayotiwa machoni, najua naingia katika jambo la wazee, nami nitasema kwa heshima. Bibi zetu walikuwa na ujuzi mwingi, lakini majani yaliyotwangwa kwenye kinu cha jikoni, mate, mkojo na maziwa ya mama hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye konea, na konea yenye mchubuko haina ngozi ya kuvizuia. Daktari aliyenitibu aliniambia kwamba jambo la kwanza analouliza anapoona kidonda cha konea ni kitu gani kimetiwa, na kwamba anajua jibu la “hakuna” huwa na maana ya “nitakwambia ukiacha kunikunjia uso.” Naomba tuwaambie ukweli wanaotutibu. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kukificha kile kichupa.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi upande wa Masasi, alikuwa akifunga kibanio kidogo katika pindo la khanga yake. Kila baada ya siku chache alikaa barazani tukamng'olea nywele za kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho. Tulidhani ni uzee. Ulikuwa ni ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoletwa na bakteria na kusambazwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua katika nyuso za watoto zenye matongotongo. Ukirudia kwa miaka mingi huacha makovu upande wa ndani wa kope, kope inajikunja, na nywele zake zinakuwa ufagio unaokwangua konea kila mtu anapopepesa. Ugonjwa huu umekuwapo katika wilaya kadhaa za Mtwara na Lindi, na dawa ya azithromaisini imekuwa ikigawiwa kwa jamii nzima katika maeneo yenye vikope. Kwa mzee ambaye kope zimekwisha kugeuka, kuna upasuaji mdogo wa kope unaofanywa kwa ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama nyumbani kwenu kuna kibanio katika pindo la khanga, ulizeni zahanati ni lini wapasuaji wa kope watapita.

Maumivu yanayonitisha zaidi ni yale yanayotoka ndani. Mojawapo ni presha ya macho ya ghafla, ambayo ni tofauti na ile ya kimya niliyoitaja: maji ya ndani ya jicho hukosa njia ya kutokea, presha inapanda ndani ya saa chache, jicho linakuwa jekundu na gumu, kioo chake kinapata ukungu, na taa huonekana zikizungukwa na duara za rangi. Mgonjwa, mara nyingi mtu mzima aliyevuka miaka 40, anaumwa kichwa vibaya na kutapika, na kwa sababu anatapika anapelekwa kupimwa malaria. Katika mikoa yetu hilo linaeleweka, kwani homa na kutapika vimetuzoesha kufikiri hivyo, na wengine hufikiria shinikizo la damu. Lakini malaria haifanyi jicho moja kuwa jekundu na kuona ukungu. Anayemsindikiza mgonjwa wa namna hii aseme neno “jicho” kabla ya kusema neno “kutapika”, maana kuona kunaweza kupotea moja kwa moja kwa kucheleweshwa siku moja.

Ugonjwa wa kuvimba ndani ya jicho, kuzunguka mboni, nao huleta maumivu mazito, wekundu uliokolea karibu na sehemu nyeusi, na kuchukia mwanga, bila matongotongo. Huu ndio hasa unaohitaji steroidi, ila kwa mkono wa daktari. Mkanda wa jeshi unapotokea kwenye paji la uso, na hasa malengelenge yanapofika kwenye ncha ya pua, jicho la upande huo limo hatarini, na dawa za virusi hufaa zaidi zikianza ndani ya siku tatu tangu vipele kutokea. Mgonjwa asishangae akishauriwa pia kupima VVU, kwa kuwa mkanda wa jeshi kwa kijana mara nyingine ni dalili ya kinga iliyoshuka. Maumivu yanayozidi jicho linapogeuzwa, huku kuona kukififia na rangi zikipauka, yanaweza kuwa ya mshipa unaopeleka picha katika ubongo. Na mtoto mwenye homa ambaye kope zake zimevimba, jicho likatokeza mbele na likashindwa kugeuka, asingoje kupambazuka.

Mtoto mchanga nimemtenga kwa makusudi. Macho ya mtoto wa chini ya siku 28 yakivimba na kutoa usaha, hiyo ni dharura, kwani huenda amepata kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa, wakati wa kuzaliwa, na kisonono kinaweza kutoboa konea katika muda mfupi sana. Hapo matibabu ni ya mama, baba na mtoto kwa pamoja, na maziwa ya mama yabaki kuwa chakula.

Mtu huanzia wapi? Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuosha jicho, kutoa tetrasaiklini na kuandika rufaa, na kwa kesi nilizozitaja ni vyema kuidai rufaa hiyo kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, mpaka hospitali ya wilaya yenye mtaalamu wa macho au hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa watu wa Mtwara na Sokoine kwa watu wa Lindi. Duka la dawa muhimu linafaa kwa mambo mengi, lakini muuzaji hana kifaa cha kulitazama jicho, na akikupa kichupa bila kuuliza hata kama kuna kitu kilikupiga, kirudishe. Safiri na dawa zote ulizotia, pamoja na boksi zake. Ukivaa miwani, nenda nayo.

Baada ya kupona nilikwenda Newala na kichupa cha mama mdogo mfukoni, nikamweleza kwamba matone yakishafunguliwa kwa kawaida hayapaswi kuzidi majuma manne. Alihesabu kwa vidole. Alikuwa amekifungua wakati wa mauzo ya korosho ya mwaka uliotangulia, miezi minane kabla ya kunipa. Alisikitika kweli, akanishika uso, akalitazama kovu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama hayo machache yaliyobaki yangeweza kumfaa mbuzi wake anayetokwa machozi. Niliyamimina chooni yeye akitazama.